Mahali Ardhi Isipovuta Pumzi

Mwanzoni Mwantum alidhani ni mawe.

Alikuwa amelala kifudifudi ukingoni mwa genge la Lyambalyamfipa, darubini machoni, mtandio ameufunga nyuma ya shingo usimzibe macho, akitazama pale ambapo uwanda wa Ufipa unakatika ghafla na kuporomoka hadi bonde la Rukwa. Ilikuwa saa tatu asubuhi, mwezi wa tisa. Ukungu ulikuwa umebaki vipande vipande kwenye makorongo. Chini kabisa mabati ya Milepa yalimetameta, na nyuma yake ziwa lilikuwa limelala bila rangi. Katikati ya genge, kati ya huku juu na kule bondeni, palikuwa na daraja moja pana la ardhi, kama kidato cha ngazi, la kijani kibichi, wakati Ufipa nzima ilikuwa imekauka majani yakilia chini ya viatu. Na juu ya kijani hicho vilionekana vitu kumi na kimoja, vyeupe na vyekundu, vimetulia.

"Mzee Kasimiri," aliita bila kuondoa darubini. "Yale mawe pale chini yameporomoka lini? Kwenye picha za anga hayapo."

Kasimiri hakusogea kutazama. Alikuwa askari wa misitu ya Mbizi kwa miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu na kurudi kwao Ilembwe, kitongoji kilichokuwa mwendo mfupi kutoka pale ukingoni, na wiki hiyo yote ndiye aliyekuwa akimwongoza Mwantum. Mtu wa maneno. Kila kilima alikuwa na kisa chake. Lakini tangu walipofika hapo asubuhi alikuwa amekaa mbali na ukingo, anachonga kijiti kisicho na kazi.

"Hayo si mawe, mwanangu," alisema.

Mwantum alirekebisha darubini. Akaona pembe.

Walikuwa ng'ombe. Wote wamelala upande, wote miguu imeelekea kwenye genge, kana kwamba kuna mtu aliyepita akiwalaza mmoja mmoja kwa upole. Hapakuwa na tai juu yao. Hapakuwa na kunguru. Alitazama muda mrefu akingoja mkia mmoja upige nzi, na hakuona mkia ukipiga, wala nzi.

"Wamekufa na nini?"

Kasimiri alipuliza vumbi la kijiti chake. "Chagua mahali pengine pa wageni wako. Mahali ni pengi."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi iliyomleta. Mwantum binti Halfani alizaliwa Sumbawanga mjini, nyumba moja na malori ya baba yake yanayoleta dagaa kutoka Kabwe, na kwao hakuna aliyeelewa kwa nini binti wa duka alikwenda kusomea mawe. Sasa alikuwa amepewa kazi ya kuandika kijitabu cha watalii: achague mahali saba pa kusimama ukingoni, aeleze kwa lugha nyepesi kwa nini milima imekaa ilivyokaa. Kazi hiyo aliipenda hadi ikamkosesha usingizi. Alikwisha andika ukurasa wa kwanza: kwamba mwamba mgumu hubaki ukawa kilele, mwamba laini huliwa na mvua ukawa bonde, lakini ufa ukipita hauulizi mgumu wala laini, unakata tu, na upande mmoja wa dunia unashuka.

Daraja lile la kijani ndilo lilikuwa mahali pake pa saba, na kwake lilishinda yote. Ni kipande cha uwanda kilichoteleza zamani kando ya ufa, na katika kuteleza kikaegemea nyuma kama mtu kwenye kiti, hivyo mdomo wake wa mbele ukawa juu kuliko sehemu ya nyuma. Nyuma yake genge lilisimama wima, limesuguliwa na kuteleza kule hadi likang'aa, likiwa na mistari myembamba iliyonyooka kutoka juu hadi chini, mfano wa nywele zilizochanwa. Asubuhi jua likilipiga, genge lile lilirudisha mwanga hadi ukafumba macho. Alikuwa hajawahi kuona mwamba mzuri namna ile. Na sasa chini yake wamelala ng'ombe kumi na mmoja.

Alikuwa bado hajajibu, mbwa akabweka nyuma yao.

Mwanamke alikuwa anapanda kwa njia ya bondeni, kitenge amekifunga kiunoni, viatu mkononi, na mbwa wa manjano mbele yake. Alipofika juu alikaa chini kwanza, akahema. Kisha akamwinamia Kasimiri kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alijibu Kasimiri, akaangalia pembeni.

Alisema anaitwa Hellena, mama Jane, wa Milepa. Watu wao walihamia bondeni na mifugo kutoka Usukuma yeye akiwa mtoto. Mume wake, Shigela, alipandisha ng'ombe juzi kutafuta majani kwa sababu bondeni hata nyasi za kuezekea zilikwisha. Alisema atarudi jioni.

"Jana asubuhi simu yake ikanipigia," alisema. "Nikasema, baba Jane, uko wapi? Hakusema neno. Nasikia tu sauti kama mtu anapuliza chupa. Inapuliza, inapuliza, haipumziki. Nikamwita mpaka chaji yake ikaisha. Dada, mtu anayepuliza lazima avute. Huyu alikuwa havuti."

Mwantum alimpa darubini kwa sababu hakuwa na njia ya kumwambia kwa mdomo. Hellena alitazama. Midomo yake ilikuwa inacheza, anawataja ng'ombe kwa majina yao.

"Yeye simwoni," alisema mwisho. "Nani ananipeleka?"

Kasimiri alibaki ameshika kijiti chake. Mwantum alimtazama mzee huyo, mkarimu kwa watu wote, na alichokiona usoni mwake hakikuwa woga peke yake.

"Mzee?"

"Nitawapeleka," alisema Kasimiri, akasimama. "Lakini nikisema simameni, mnasimama."

Njia ya kushuka ilikuwa nyembamba, imekatwa katika mwamba uliojaa ulanga, na kila walipokanyaga vipande vyake viling'aa na kumeguka kama kurasa za kitabu kilicholowa. Nusu saa ya kwanza walisikia ndege. Baadaye Mwantum aligundua hawasikii tena, lakini hakuweza kusema ilianzia wapi. Upepo nao haukuwepo. Siku tatu hizo hapakuwa na upepo, jambo la ajabu kwa ukingo ambao kila alasiri hupandiwa na upepo wa bonde mpaka milango ya Ilembwe inagonga. Kwenye kona moja walikuta panzi wamekufa njiani, miili mizima, mabawa yamekunjwa vizuri. Hellena aliwaruka bila kuwakanyaga.

Ndipo wakaisikia. Sauti nene, ya chini, ya kupuliza chupa. Ilitoka kwenye genge.

Walitokea kwenye mdomo wa daraja. Mbele yao ardhi ilishuka taratibu kuelekea genge, majani yakifika magotini, ya kijani mno, na katikati ya majani hayo jiwe moja kubwa, refu kumzidi mtu. Juu ya jiwe alikuwa ameketi mwanamume, magoti kifuani, shuka la rangi ya jiwe begani, ndiyo maana kutoka juu hakuonekana.

"Baba Jane!"

Aligeuza kichwa polepole, kama mtu aliyeitwa mara nyingi na kukuta hakuna kitu. Alipowaona, alinyoosha mkono, kiganja wazi.

"Msishuke!" Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Hellena, usishuke! Chini hapa kuna kitu kinakata miguu!"

Mbwa hakuelewa. Alishamwona bwana wake. Aliteremka mbio, mkia juu, akaingia kwenye majani. Hatua ya kumi alianza kuyumba kama mlevi. Ya kumi na tano alikaa, akaangalia nyuma kwa Hellena kana kwamba anauliza jambo, akalala ubavu. Hakulia. Majani yalitikisika kidogo juu yake, yakatulia.

Hellena aliruka kumfuata. Mwantum alimkumbatia kiunoni, wakaanguka wote wawili.

"Niache! Mume wangu yule!"

"Ni hewa, mama Jane! Nisikilize! Ni hewa mbaya, imejaa humu kama maji kwenye sahani!"

Sasa alikuwa ameelewa, na kule kuelewa hakukumpunguzia hofu hata chembe. Ufa unaoleta maji na kufanya majani yawe kijani wakati wa kiangazi ndio huo huo unaoleta kitu kingine kutoka chini sana: hewa ya ukaa, ile inayotoa mapovu kwenye soda, haina rangi, nzito kuliko hewa ya kawaida. Daraja limeegemea nyuma. Kinachotoka kwenye genge hakina pa kwenda. Upepo ukiwepo hukipeperusha. Siku tatu hakuna upepo, kimejaa.

Kasimiri alikuwa amevua kofia. "Bibi yangu alisema pale ardhi haivuti pumzi," alisema, kama anajisemea. "Inatoa tu. Watu wa Ilembwe hawapapi jina, maana ukikipa kitu jina unaweza kukiita bila kukusudia."

"Imefika wapi kwenda juu?" Mwantum alikuwa anawaza kwa sauti. "Siwezi kuiona. Mzee, una kiberiti? Washa majani. Majani mabichi, yatoe moshi mwingi."

Kasimiri aliwasha moto juu ya mdomo wa daraja, akaurundikia majani mabichi, kisha akausukuma kwa tawi uteleze chini kidogo. Ulipofika mahali fulani miali ilizimika kwa pamoja, kama imemezwa. Ule moshi uliobaki haukupanda. Ulitambaa mbele, ukatandazika tambarare, ukaenea juu ya majani mpaka kwenye genge, na wote watatu wakaliona: ziwa. Uso wake ulikuwa laini, wa kijivu, umenyooka kuliko maji yoyote. Chini yake wamelala ng'ombe. Jiwe la Shigela lilichomoza kama kisiwa, na uso wa ziwa ulikuwa umemfikia miguuni. Alivuta miguu juu. Hapakuwa na zaidi ya mkono mmoja kati ya moshi na mahali alipokalia.

"Usilale, baba Jane!" Hellena alipiga kelele. "Usilale, nasema! Ongea!"

"Nimechoka, mke wangu," alijibu Shigela, kwa sauti ya mtu anayezungumza ndani ya nyumba yake. "Ng'ombe wananiita. Kila saa wananiita nikawaswage."

Mwantum aliacha kumtazama. Alianza kusoma mdomo wa daraja, kwa sababu hiyo ndiyo kazi pekee aliyoijua. Mdomo ulikuwa ukuta mfupi uliozuia. Sehemu kubwa yake ilikuwa kwazi, mwamba mweupe ambao mtu anaweza kuupiga nyundo mwaka mzima na kubaki na cheche. Alitembea juu yake kwa haraka, macho chini. Nyeupe, nyeupe, nyeupe. Kisha nyeupe ikakatika, na kwa upana wa mlango mmoja palikuwa na mwamba wa ulanga, ule ule laini wa njiani. Mto ungekuwepo hapa zamani, ungepita hapo hapo. Na ulipita, kwa maana kulikuwa na mfereji wa kale uliozibwa na mawe na udongo vilivyoporomoka kutoka juu.

"Hapa," alisema. "Tukizibua hapa, itamwagika yenyewe. Inatiririka kama maji. Tuchimbe upande wa nje. Kila mtu ahesabu thelathini, atoke, mwingine aingie. Msiiname. Hata kama mnaona mko salama, msiiname."

Alikuwa na nyundo yake ya miamba, Kasimiri ana panga, Hellena ana mikono. Walichimba. Mwamba wa ulanga ulimeguka tabaka kwa tabaka, ukiwajaza vumbi la kumetameta mpaka nyuso zao zikang'aa. Hellena aling'oa mawe ambayo wanaume wawili wangeshauriana kwanza, na kila alipotoka kwenye zamu alimpigia mumewe kelele, amtaje ng'ombe wa kwanza aliyemnunua, amtaje mama mkwe, ataje chochote. Sauti ya genge haikukatika. Jua lilikwisha pita upande wa pili wa mlima, na kivuli cha genge kikaanza kutambaa juu yao, baridi, ingawa ilikuwa bado saa nane na bonde lote chini lilikuwa jeupe kwa jua.

Katika zamu ya Mwantum jiwe la mwisho lilitikisika. Aliona nyasi za nje zikilala, kama kuna mkono unazipapasa kuteremka. Inatoka, alifikiri. Lilibaki pande moja tu. Alilipiga nyundo, likakataa, akainama kidogo atie vidole chini yake.

Alisikia honi ya Fuso la baba yake.

Ilikuwa honi ile ile, ya vipande viwili, inayopigwa lori likikunja kona ya nyumbani kwao Milanzi. Hakushangaa. Alisikia harufu ya vitumbua. Alijua kwamba amerudi kutoka shule, kwamba mkeka uko kivulini, na kwamba hakuna mtu duniani atakayemkatalia kulala kidogo kabla ya kuitwa chakula. Mkeka ulikuwa pale pale chini ya shavu lake. Hapakuwa na maumivu, hapakuwa na giza. Baadaye hilo ndilo lililomtisha kuliko yote: kwamba kifo kile kilikuwa na adabu, kilimpokea kwa ukarimu wote kama mgeni wa heshima.

Kitu kikamkaba shingo. Ilikuwa mtandio. Hellena alikuwa ameshika ncha zake na kumvuta nyuma juu ya mawe, huku akimtukana kwa Kisukuma. Mwantum alitapika. Aliposhika tena dunia, kichwa kikigonga, alimwona Kasimiri amesimama kwenye mfereji, amebana pua kwa mkono mmoja, panga amelichomeka chini ya lile pande, anaegemea kwa uzito wake wote. Pande lilichomoka. Kasimiri alirukia pembeni.

Hawakuona kitu kikipita. Ila nyasi za kwenye mteremko wa nje zililala zote kwa mstari mmoja, na kipepeo aliyekuwa akikatiza hapo alidondoka kama tunda. Na kule ndani moshi ulianza kushuka. Taratibu mno. Ulifichua mgongo wa ng'ombe, kisha tumbo, kisha pembe zilizolala majanini.

Walingoja mpaka moshi ulipofika magotini. "Sasa," Mwantum alisema. "Shigela! Shuka, utembee wima! Usiangalie chini, usiiname hata wakikuita!"

Alishuka. Miguu ilimkataa, akashikilia jiwe, akasimama. Hatua za kwanza alizipiga vizuri. Alipofika kwa dume jekundu, lililokuwa kubwa kuliko wote, alisimama, mabega yakaanza kukunjika. Hellena hakupiga kelele safari hii. Alipiga mluzi, ule mluzi mfupi ambao yeye mwenyewe Shigela alikuwa akiutumia kurudisha mifugo jioni. Shigela aliinua kichwa. Akaufuata mluzi ule, wima, kama ng'ombe, mpaka mkono wa mke wake ulipomfikia.

Wakati wanapanda, genge liliendelea kupuliza nyuma yao.

Mengine yalikwenda kama mambo yanavyokwenda. Mwantum alitoa taarifa. Wiki ya pili walikuja wataalamu na vyombo vyao, wakapima, wakathibitisha alichosema, wakaacha mfereji umepanuliwa na bango jekundu juu ya njia. Watu wa Ilembwe na wafugaji wa Milepa, ambao kwa kawaida hukutana kwenye baraza la kesi tu, walikata miiba pamoja na kuizungushia njia zote mbili. Kijitabu kilitoka na mahali sita. Aliyeagiza kazi aliuliza kwa nini pale pazuri pa picha ya ukuta unaong'aa hapamo. Mwantum alimwambia, na hakuulizwa tena.

Mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zilipoanza, Kasimiri alimpigia simu. Alitaka waende Milepa kuwasalimu. Hakusema kwa nini hawezi kwenda peke yake.

Walimkuta Shigela amenawiri. Majirani na ndugu walimchangia mitamba wawili, na alikuwa anaanza upya. Lakini uani kwake palisimama kitu ambacho Mwantum hakuwahi kukiona kwenye nyumba ya huko: jukwaa la miti, refu kumzidi mtu, limeezekwa vizuri, na ngazi. Hapo ndipo walipokuwa wanalala wote, yeye, Hellena na Jane. Nyumba ya tofali ilibaki ya vyombo.

"Hataki kulala chini," Hellena alimnong'oneza Mwantum jikoni. "Nimemwambia hapa ni bondeni, huku hakuna ule ufa. Dada, mwambie na wewe. Wewe umesoma."

Mwantum alifungua mdomo. Alilifahamu bonde lile kwenye ramani kama anavyofahamu kiganja chake: ni ufa juu ya ufa, mwingine umeandikwa, mwingine umefunikwa na matope ya ziwa. Akafumba mdomo. "Mwache alale anapopata usingizi," alisema.

Walikula juu ya jukwaa, ugali na sato, miguu wameikunja. Walipokwisha kunawa, Kasimiri aliweka kofia yake mapajani.

"Shigela, mwanangu. Mimi nina neno. Siku ile asubuhi, ulipokwisha kupanda hadi uwandani ukawa unateremsha ng'ombe kwenye daraja, mimi nilikuwa ukingoni. Nilikuona. Nilijua unaelekea wapi. Ningekuita, ungesikia. Mwezi wa tano ng'ombe waliingia shambani kwangu, wakamaliza ulezi wote. Sikujua kama ni wako. Nilisema moyoni, waende wakaone. Nikakaa kimya, nikarudi nyumbani kwangu nikanywa chai. Nimekuja unihukumu."

Hellena alikuwa ameshika sufuria, akabaki amelishika hewani. Mwantum aliangalia mikono yake mwenyewe.

Shigela hakukasirika. Alimtazama mzee kwa namna ya kumwonea huruma.

"Baba, hilo nililijua," alisema. "Nilikuona pale juu. Na ng'ombe walioingia kwako walikuwa wangu, siwezi kukudanganya. Lakini mimi nilishakusamehe kule kule juu ya jiwe, kwa sababu hukuniacha. Siku zote mbili ulisimama pale ukingoni ukinitazama. Mchana kutwa. Nikisinzia unanyanyua mkono, hivi, naamka. Usingesimama pale, ningekwisha anguka siku ya kwanza."

Kasimiri alikuwa amekunja kofia ile mpaka ikawa kitambaa.

"Mimi nilipita mara moja," alisema polepole. "Asubuhi ile tu. Nikaenda zangu. Sikurudi pale ukingoni mpaka nilipokuja na huyu binti."

"Ulikuwa na kofia hiyo hiyo," alisema Shigela.

Mwantum alikuwa na maelezo. Alijua kile ambacho hewa ile hufanya kwenye kichwa cha mtu. Alikuwa amesikia honi ya lori pasipo na barabara. Angeweza kuwaeleza, nao wangemsikiliza kwa heshima kama wanavyomsikiliza siku zote. Lakini honi yeye ilimwita alale, na huyu wa kofia, yeyote aliyekuwa, alikuwa akimwamsha mwenzake. Hakuna mwamba aliousoma ulioweza kuieleza tofauti hiyo.

"Basi alikuwa nani?" Hellena aliuliza.

Kasimiri alivaa kofia yake, kisha akaivua tena, akasema hastahili kuivaa, akamwomba Shigela aipokee. Shigela aliipokea kwa mikono miwili. Mvua ilianza kunyesha bondeni, wakahamia katikati ya jukwaa wasilowe, na Jane akaja kukaa baina yao.